Kipimo cha Haki

Macho ya binadamu ni hodari kwa mengi, lakini katika kupima ni mashahidi wasiotosha. Jaza kikombe maji, ujaze kingine cha namna ile ile mafuta ya alizeti, kisha uviweke mezani pamoja. Macho yatakuambia kuwa vikombe hivi vimelingana, kwa kuwa vyote viwili vimejaa hadi ukingoni. Viweke katika mizani, nayo itayakanusha macho. Kikombe cha maji kitashuka na kikombe cha mafuta kitapanda, maana mafuta ni mepesi kuliko maji ya kiasi kile kile. Uhusiano huu wa uzito na ujazo wataalamu wameupa jina la wiani. Nataka, msomaji, kukueleza jinsi wiani wa vimiminiko unavyopimwa na kuhesabiwa. Nitakueleza pia jinsi mimi mwenyewe nilivyoupima vibaya nikiwa kijana, na mtu mmoja akaadhibiwa kwa ushahidi usiokamilika.

Kanuni yenyewe ni fupi. Chukua uzito wa kitu, ambao katika vitabu vya sayansi huitwa tungamo, uugawanye kwa ujazo wake. Jibu utakalopata ndilo wiani. Maji yenye joto la nyuzi 4 yana gramu 1 katika kila sentimita moja ya ujazo, na kwa sababu hiyo maji yamekuwa kama mzee wa baraza ambaye vimiminiko vingine hupimwa kwa kulinganishwa naye. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko maji; wiani wake ni karibu 0.8. Mafuta ya alizeti ni karibu 0.92. Maji ya bahari, kwa ajili ya chumvi yake, ni karibu 1.025. Zebaki ni 13.6, nzito hivi kwamba msumari wa chuma huelea juu yake kama kijiti juu ya maji.

Usiyakubali maneno yangu bure. Kama shuleni kwenu kuna mizani na chupa ndogo yenye kizibo, unaweza kuyahakikisha. Pima kwanza chupa tupu iliyo kavu. Tuseme ni gramu 25. Ijaze maji hadi kizibo, futa matone yote ya nje, uipime tena. Tuseme sasa ni gramu 75. Basi maji peke yake ni gramu 50, na kwa kuwa gramu moja ya maji hukaa katika sentimita moja ya ujazo, chupa yako ina nafasi ya sentimita 50 za ujazo. Mwaga maji, kausha chupa kabisa, uijaze mafuta ya alizeti na kuipima mara ya tatu. Ukiona gramu 71, mafuta ni gramu 46. Gawanya 46 kwa 50, utapata 0.92. Jihadhari na mambo mawili katika kazi hii: tone la maji lililosalia ndani ya chupa, na povu la hewa lililojificha chini ya kizibo. Yote mawili ni madogo, na yote mawili huharibu jibu.

Njia ya pili ni ya kuelea, na asili yake ni elimu ya Archimedes wa Sirakusa, aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristo. Yeye alifundisha kuwa kitu kinachoelea hukisukuma kando kimiminiko chenye uzito sawa na uzito wa kitu chenyewe. Ikiwa kimiminiko ni chepesi, hapana budi kisukumwe kingi zaidi ili uzito ule utimie. Kwa hivyo kitu huzama zaidi. Ikiwa ni kizito, kichache kinatosha, na kitu husimama juu zaidi. Juu ya kanuni hii mafundi walitengeneza haidromita, mrija wa kioo wenye uzito chini na shingo nyembamba juu, na shingoni mna mistari yenye tarakimu. Husomwa pale uso wa kimiminiko unapoikata shingo.

Haidromita ya maziwa huitwa laktomita. Tarakimu 30 juu ya shingo yake maana yake ni wiani wa 1.030. Maziwa safi ya ng'ombe, yakipimwa katika joto la nyuzi 20, kwa kawaida husoma kama 28 hadi 34. Ukiyatia maji, wiani hupungua, laktomita huzama, na tarakimu hushuka. Ndiyo maana chombo hiki kimekuwa kama askari wa lango katika vituo vyetu vya maziwa. Nami nilipata kuwa bwana wa askari huyo.

Mwaka 2009, baada ya kumaliza kidato cha nne, niliajiriwa kuwa msaidizi wa karani katika kituo kimoja cha kukusanya maziwa kule Kinangop, chini ya milima ya Nyandarua. Alfajiri, baridi ikiwa bado imeyashika majani, wakulima walikuja kutoka pande zote. Wengine walitoka mbali vilimani kwa mikokoteni ya punda, mitungi yao ikigongana njiani. Wengine walibeba mitungi mikononi. Karani mzee alinifundisha kazi. Alichota maziwa kwa kikombe kirefu, akatia kipimajoto, akangoja. Kisha akatia laktomita, akasoma. Halafu akanong'ona hesabu kidogo na kuandika katika daftari. Nilimtazama nikaona kwamba kungoja kule na kunong'ona kule ni mazoea ya uzee. Sikumwuliza sababu. Kuuliza si ujinga, wasema wahenga. Lakini kijana aliyetoka katika mtihani juzi huona haya kuuliza jambo ambalo anadhani amekwisha lijua.

Mzee yule alipokwenda likizo, niliachiwa meza. Katika juma la pili kipimajoto kilinitoka mkononi kikavunjika juu ya sakafu ya saruji. Nilitazama huku na huku, hakuna aliyeona. Niliokota vipande nikavitupa nyuma ya ua. Nilijiambia kuwa hasara si kubwa, maana kazi ya kukamata walaghai ni ya laktomita, na laktomita ilikuwa nzima.

Karibu na kituo, mwendo wa kurusha jiwe tu, aliishi mama mmoja mjane aliyekuwa na ng'ombe mmoja. Alikuwa akikama na kuja moja kwa moja, mtungi umefunikwa vizuri kwa kitambaa, kabla maziwa hayajapoa. Siku ile nilitia laktomita, ikazama hadi 26. Kiasi cha chini tulichoruhusiwa kupokea kilikuwa 28. Nilitia mara ya pili, ikawa 26 vile vile. Nilimwambia, mbele ya watu waliosimama mstarini, kuwa maziwa yake yana maji.

"Mwanangu," akasema, "maji nimeosha nayo kiwele, basi. Ndani ya mtungi hamna maji."

Nilitaka kuwaonyesha watu kuwa mimi ni msomi. Nikachukua kalamu nikapiga hesabu kwa sauti. Maziwa mazuri, nikasema, ni 1.030, na maji ni 1.000. Tuchukue lita moja ya mchanganyiko, na sehemu ya maji tuiite x. Basi x mara 1.000, jumlisha 1 toa x mara 1.030, ni sawa na 1.026. Hapo 0.030 mara x ni 0.004, na x ni 0.133. Nikatangaza kuwa katika kila lita mia za maziwa ya mama huyu, lita kumi na tatu ni maji. Watu walitikisa vichwa kwa mastaajabu. Mama yule hakuwa na hesabu ya kujibu hesabu yangu. Alikuwa na neno lake tu, nalo halikuandikwa mahali po pote. Aliuinua mtungi wake akarudi nyumbani.

Nakuomba, msomaji, uitazame tena hesabu ile. Haina kosa. Mwalimu wa hisabati angeitia alama ya sahihi kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini hesabu ni kama kinu. Husaga kwa uaminifu chochote kitiwacho ndani yake, na haiulizi kama ni nafaka au ni mchanga.

Alikuja kesho yake na kesho kutwa, na mara zote mbili maziwa yalisoma chini ya 28. Kwa kanuni ya kituo, aliyekataliwa mara tatu mfululizo alisimamishwa. Nikaandika jina lake katika daftari la waliosimamishwa, kwa mwandiko mzuri, na tarehe. Karani mzee aliporudi nilimwambia kuwa kipimajoto kimepotea. Baada ya miezi michache niliacha kazi ile, nikaenda kufuata masomo yangu, na kwa muda mrefu sikumkumbuka tena mama yule.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu. Siku moja mkufunzi wetu wa fizikia alituletea maziwa ya ng'ombe wa chuo, yaliyokamwa muda ule ule, akatuagiza tupime wiani wake. Nilishika laktomita kwa ufahari wa mtu aliyekwisha fanya kazi hiyo. Ikasoma 26. Nilisema kwa sauti kuu, "Mwalimu, maziwa haya yametiwa maji."

Mkufunzi alinitazama kwa upole. "Ng'ombe amekamwa mbele ya macho yangu," akasema. "Joto lake umepima?"

Tulitia kipimajoto, kikaonyesha nyuzi 34. Akatuamuru tuuweke mtungi ule ule ndani ya karai la maji baridi na kuukoroga polepole hadi joto lishuke kufika nyuzi 20. Hatukuongeza kitu, wala hatukupunguza. Nilitia laktomita tena. Ilisimama juu, ikasoma 30.

Darasa zima lilicheka kwa furaha, kama wanafunzi wachekavyo jaribio linapofaulu. Mimi sikuweza kucheka. Niliuona mtungi uliofunikwa kwa kitambaa, nikaliona jina katika daftari kwa mwandiko wangu mzuri.

Sababu ya jambo hili haina ugumu. Kitu kikipata joto hutanuka. Uzito wake haubadiliki, lakini ujazo wake huongezeka, na uzito ule ule ukigawanywa kwa ujazo mkubwa zaidi, wiani hupungua. Laktomita yetu ilikuwa imetiwa alama kwa joto la nyuzi 20. Maziwa yakiwa na joto zaidi ya hapo, chombo huzama kana kwamba yametiwa maji. Kwa hiyo mpimaji mwangalifu hupima joto kwanza, na kwa kila uzi mmoja unaozidi 20 huongeza kama 0.2 juu ya tarakimu aliyoisoma. Maziwa yakiwa baridi kuliko 20, hupunguza vivyo hivyo. Hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa akiinong'ona karani mzee. Nayo hufaa pale tofauti ya joto ni ndogo. Tofauti ikiwa kubwa, dawa ya hakika ni kuyapoza maziwa kwanza. Tena maziwa yaliyotoka kiweleni sasa hivi husoma chini kidogo kuliko yaliyotulia kwa saa kadhaa, kwa sababu mafuta yaliyomo hayajaganda.

Basi fikiri, msomaji. Wakulima wa mbali walileta maziwa yaliyopozwa na baridi ya njiani, nayo yalipokelewa. Mama yule aliletea kituo maziwa mapya kuliko yote, na upya wake ndio uliomhukumu. Baadaye nilisoma kwamba al-Khazini, mtaalamu wa mji wa Merv, aliandika mwaka 1121 kitabu kikubwa juu ya mizani, akaeleza humo chombo cha kuelea cha kupimia vimiminiko, na akajua kuwa maji ya moto na maji ya baridi hayalingani kwa wiani. Elimu niliyoikosa mezani pale ilikuwa na umri wa karibu miaka mia tisa.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani kwa mama yule. Nilimkuta anapalilia viazi. Nilimweleza yote, na habari ya kipimajoto sikuificha. Alinisikiliza jembe likiwa mkononi, hata nikamaliza.

"Mimi sina ng'ombe tena, mwanangu," akasema. "Nilimwuza mwaka ule ule. Wenye mikahawa walipata habari kuwa maziwa yangu ni ya maji, wakataka kuyanunua kwa bei ya maji. Sasa waniomba radhi ya maziwa yapi?"

Sikuwa na jibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Uliponitia aibu, watu walikuwapo. Ukitaka kuniomba radhi, na watu wawepo."

Kesho yake alfajiri nilisimama mbele ya mstari wa wakulima kwa idhini ya msimamizi wa kituo. Nilikuwa nimenunua kipimajoto. Tuliomba maziwa ya jirani mmoja yaliyokamwa wakati ule, nikayapima mbele yao yakiwa na joto, kisha tukayapoza nikayapima tena. Walioshuhudia walinyamaza. Ndipo nikasema kwamba mimi ndimi niliyevunja kipimajoto cha kituo na kuficha, na kwamba niliandika jina la mama huyu bila ya haki ya kuliandika.

Ni lazima niwe mwangalifu hapa, maana jambo lenyewe ni la uangalifu. Sikuweza kuthibitisha kuwa maziwa yake ya mwaka 2009 hayakuwa na maji. Maziwa yale yalikwisha zamani, na kipimo kisichofanywa kwa wakati wake hakifanyiki tena. Nililoweza kuthibitisha ni kwamba tarakimu yangu haikuwa ushahidi. Kwa mtu aliyeshtakiwa, hilo latosha; anayeshtaki ndiye mwenye deni la kuthibitisha. Mama yule alisimama kando, ushungi kichwani, akasikiliza hadi mwisho. Kisha alinipa mkono. Jina lake lilifutwa katika daftari. Ng'ombe wake hakurudi.

Leo mimi ni mwalimu, na kila mwaka huwafundisha vijana kama wewe somo hili la wiani. Nimeona kuwa makosa yao ni ya aina mbili. Wako wanaopima kwa haraka. Hao huwaambia kuwa mtenda jambo asishe ni kama asiyetenda, na kuwa joto ni sehemu ya kipimo kama uzito ulivyo. Kwa hivyo katika jedwali letu safu ya joto hujazwa kwanza. Na wako wanaojua jibu la kitabuni kabla ya kupima, na wakipata 0.96 huandika 0.92 ili wampendeze mwalimu. Hao nawahofia zaidi. Aliyepata 0.96 na kuiandika anaweza kurudi nyuma akagundua kwamba chupa yake ilikuwa na maji, aliyeandika 0.92 ya uongo amejifungia mlango.

Huwaonyesha vile vile kuwa hata chombo kizuri kina mpaka wake. Malai ni mepesi kuliko maziwa mengine, kwa hiyo mtu akiyaengua, maziwa yanayosalia huwa mazito na tarakimu hupanda. Mlaghai akiongeza maji kwa kiasi, tarakimu hushuka hadi pale pale ilipokuwa. Laktomita itasoma 30, na maziwa yamekosa malai na kupata maji. Chombo kile kile kilichomhukumu mama aliyeleta maziwa mapya kinaweza kumsafisha mwizi. Hii si sababu ya kukitupa chombo. Ni sababu ya kujua kinasema nini na hakisemi nini, na kukitafutia shahidi wa pili.

Hatuwezi kuishi bila vipimo, msomaji kijana. Mahali pasipo kipimo, mwenye sauti kubwa ndiye mwenye haki, na mjane hana sauti. Lakini kipimo kilichofanywa nusu huweza kumdhulumu mnyonge zaidi ya sauti kubwa, kwa kuwa sauti kubwa hubishiwa, na tarakimu haibishiwi. Pengine utakuwa karani, au mwuguzi, au mhandisi, au mwalimu. Siku moja utakuwa na kipimo mkononi, na mtu atasimama mbele yako akingoja neno lako. Kabla hujalisema, jiulize kama umepima joto.